Kaske ya Mdogo Wangu

Kalemie nzima, tangu bandarini mpaka ng'ambo ya mto Lukuga, hakukuwa na fundi aliyejua vichwa vya watu kama mimi. Nasema bila haya. Waliokuwepo miaka ile ya Zaire wengi wako hai, waulizwe. Mtu alikuwa anatokea kule kwenye reli, mimi huku nimekaa kwenye mashine, namtazama mara moja, nachukua mkasi. Akifika mlangoni kitambaa kimeshakatwa. Anavaa, inamkaa. Wenye diploma za ushonaji kutoka Lubumbashi walikuwa wanapima kwa utepe mara tatu, na bado kofia inamwangukia mteja machoni.

Sikufundishwa na mtu. Shule niliiacha mwaka wa tatu wa primeri, wiki ile baba yetu alipozikwa. Alikuwa mvunja mawe ya chokaa kule Kabimba, homa ikamchukua kwa siku sita. Alituacha watatu: mama, mimi ambaye ndevu hazijaota, na mdogo wangu bado yuko mgongoni. Nikabeba magunia bandarini mpaka shingo ikaingia mabegani. Nikanunua pasi ya makaa, nikawa napiga pasi nguo za makarani. Kisha nikapata cherehani ya kukanyaga, kuukuu, inapiga kelele kama kinu. Leo ninapoandika haya nina nyumba ya matofali ya kuchoma, mabati juu, na cherehani tatu. Hakuna aliyenipa hata uzi.

Mdogo wangu nilimlea mimi. Hilo nalo nilikuwa nalisema mbele za watu, hata mbele yake, naye alikuwa anatabasamu tu. Suruali ikinibana, inakuwa yake. Shati likichakaa ukosi, naugeuza, linakuwa lake. Viatu vya kwanza alivyovaa vilikuwa tayari vimeshika umbo la miguu yangu. Mpaka anaingia jeshini sidhani kama aliwahi kuvaa kitu ambacho mimi sikukivaa kwanza. Na kwetu, mtu aliyekulisha hujibizani naye. Unamwomba jambo mara moja. Akisema ngoja, umeshajibiwa. Kuomba mara ya pili ni kumwambia usoni kwamba amekunyima. Mama alitulea hivyo wote wawili, lakini mdogo wangu aliishika sheria hiyo kuliko mimi.

Jina langu lilikuzwa na bere, zile kofia laini za wanajeshi. Kambini bere zilikuwa zinafika chache, tena zimeliwa na nondo. Mimi nikanunua mablanketi mazito ya sufu, nikayachemsha ndani ya pipa lenye rangi ya kijani, nikakata duara, nikashona, nikatia ukanda wa ngozi. Lakini bere si kushona. Mwanamke yeyote anaweza kushona. Bere inaumbwa. Lazima uiloweshe, uivike juu ya kitu cha mviringo kama kichwa, uivute upande mmoja, uipige pasi polepole, halafu uiache ikaukie hapo hapo bila kuigusa. Ikikauka vizuri inalala juu ya sikio kama bawa la ndege aliyetua. Ukiitoa mbichi inalegea kama sikio la mbuzi, na hutairekebisha tena.

Hicho kitu cha mviringo ndicho kilichonitesa. Sufuria lina kitako bapa. Boga linaoza. Nikajaribu kaske ya zamani, ile kofia ngumu ya chuma ya vita. Zilikuwa tele mjini: wake za wanajeshi waliwekea kuku maji ya kunywa, wengine walipimia ndakala, dagaa wa ziwani, sokoni. Umbo lake lilinipendeza, ila chuma na maji havipatani. Kila bere ilitoka na alama ya kutu ndani, na mwenyewe akitoka jasho paji la uso linageuka rangi ya tofali. Watu wakacheka. Mimi sijazoea kuchekwa kwa ajili ya kazi yangu.

Mwaka wa mwisho wa Zaire, vita vilipoanza kule kaskazini mwa ziwa, ndege ilileta kaske za namna mpya. Hazikutosha watu wote. Mdogo wangu alipata moja. Alikuja nayo dukani mchana, ameikumbatia tumboni kama mtu aliyebeba tikiti.

"Yaya, gonga hapa," akasema. Kwetu yaya ni kaka mkubwa.

Nikagonga kwa kidole. Haikulia kama chuma. Ilitoa sauti ya mlango wa mbao.

"Plastiki hii," nikamwambia. "Wamewadanganya."

"Si plastiki. Shefu alisema ni nguo. Nguo juu ya nguo, inabandikwa na gundi, inakandamizwa. Alipiga na nyundo mbele yetu sisi wote, haikubonyea."

"Nguo?"

"Nguo, Yaya. Kazi yako wewe."

Nikaichukua. Kwenye ukingo rangi ilikuwa imebanduka kidogo, na hapo nikaona nyuzi za manjano zimefumwa vizuri, sawasawa, kazi ya mtu anayejua. Ndani kulikuwa na vipande laini vya kupumzisha kichwa na mikanda ya kushika kidevu. Ilikuwa nyepesi kuliko ile ya chuma. Swali la kwanza lililonitoka mdomoni nalikumbuka mpaka leo. Sikuuliza kama inazuia risasi. Niliuliza, "Inashika kutu?"

"Nguo itashika kutu namna gani?" akasema, akacheka.

Siku hiyo alikuwepo dukani sajini mmoja mnene, amekaa kwenye benchi langu akitafuna karanga. Ndiye aliyeniletea kazi ya bere sitini, kwa sababu mkubwa mmoja alikuwa anatazamiwa kuja kukagua kambi na komanda hakutaka aibu. Sajini akaitazama ile kaske kama mtu anayetazama samaki wa jana.

"Sasa hiyo inazuia risasi?"

"Risasi ya karibu haizuii, Sajini. Shefu alisema wazi. Inazuia vipande. Bomu ikianguka pa mawe, mawe inaruka, chuma inaruka. Vile ndivyo inazuia."

"Oyo! Mutoto anaogopa mawe! Mimi niko na miaka kumi na nane jeshini, na bere tu. Ukivaa kaske husikii kitu. Upepo unapiga filimbi masikioni. Adui anakuja nyuma yako, wewe unafikiri ni mama anakuita kula bukari. Na joto yake! Ubongo unaiva kama muhogo. Tena raia akikuona na kaske anasema, huyu anaogopa. Akikuona na bere anasema, mukubwa anapita."

"Anapita anaenda wapi, Sajini?" mdogo wangu akauliza.

"Anaenda baa!"

Tukacheka wote. Mdogo wangu akasema, "Pa baa hata mimi nitavaa bere. Lakini kule mbele ninaipenda kichwa yangu. Mungu alinipa moja."

"Na iko na nini ndani hata uichunge hivi?"

"Iko na njia ya kurudi kwa mama."

Mimi nikashika upande wa bere, tena kwa sauti kubwa. Ningeshikaje upande mwingine, na sitini ziko mezani? Nikasema bere unaikunja unaitia begani, mvua ikinyesha unaikamua, ukilala ni mto wako, na kwamba mwanamume anatambulika kwa namna anavyoivuta upande. Sajini akapiga mapaja. Leo nikifikiri naona yeye wala mimi hatukusema uongo hata mmoja. Kaske ni joto, inaziba masikio, inamfanya mtu aonekane kama kobe. Yote ni kweli. Kosa letu lilikuwa kusema mambo ya barabarani. Bere ni kofia ya kuonwa na watu. Kaske kazi yake inaanza pale ambapo hakuna anayekutazama tena, na sisi wawili pale dukani hatukuwa tumewahi kufika pale, hata sajini, na miaka yake kumi na nane. Nilikuja kujua baadaye kwamba mingi ya miaka hiyo aliimaliza stoo ya unga.

Sajini alipoondoka nikamwambia mdogo wangu, "Niachie hiyo kitu wiki moja. Nimalizie bere za komanda."

Akaigeuza mikononi. Akagusa ule mkanda wa kidevu. Nilimwona, na nilielewa, nisijifanye kwamba sikuelewa. Ilikuwa kitu kipya cha kwanza maishani mwake, kimetoka kwenye mfuko wake wa nailoni, hakuna kichwa kilichotangulia kuingia humo. Akasema, "Yaya, wanatuambia tuko karibu kupanda kule kwenye vita."

"Wiki moja."

"Sawa, Yaya."

Basi nikafanya kazi. Sijisifu bure: bere zile zilikuwa nzuri kuliko zote nilizowahi kuumba. Kaske ile ilikuwa na mgongo wa mviringo hasa, maji hayakuingia, pasi haikuiunguza kwa sababu niliweka kitambaa kilicholowa katikati. Kila jioni akitoka kambini alipita dukani, anaitazama pale mezani imevikwa bere mbichi inayofuka mvuke, anauliza, "Inatumika vizuri?" Namjibu inatumika. Anatikisa kichwa, anaingia ndani kumsalimia mama. Hakuiomba.

Siku ya nane, asubuhi, nilikuwa nimebakiza bere moja, ya komanda mwenyewe. Niliiacha ya mwisho makusudi, kwa sufu niliyoichagua. Nimeshaivuta, nimeshaipiga pasi, ndiyo kwanza imeanza kushika umbo, mdogo wangu akaja mbio. Bunduki begani, kifurushi mgongoni, buti hazijafungwa.

"Yaya, tunapanda sasa hivi. Bato inangoja. Nipe kaske."

Nikatazama ile bere. Ilikuwa bado inatoa mvuke.

"Ngoja kidogo. Saa moja tu ikauke."

Alikuwa amesimama mlangoni. Nyuma yake niliona lori limejaa wenzake, wengine na kaske, wengine na bere zangu, wanapiga kelele, wanampigia makofi aharakishe. Alinitazama, akatazama meza. Nilingoja aseme neno. Angesema tena, ningeivua ile bere na kuitupa sakafuni, naapa kwa kaburi la baba ningeitupa. Lakini alikuwa ameshaomba, na mimi nilikuwa nimeshajibu.

Nikainuka, nikachukua bere moja kwenye rundo, nikamvalisha kwa mikono yangu, nikaivuta upande wa kulia, nikaipiga kofi kidogo ilale. Ilimkaa kama alizaliwa nayo.

"Hivi ndivyo anavyovaa mwanamume," nikamwambia. "Mukirudi utachukua kaske yako. Hata hamtafika mbali."

"Aksanti, Yaya. Uniagie mama."

Lori likaondoka. Bato, yaani meli, iliondoka bandarini baada ya saa mbili na zaidi, nilisikia honi yake nikiwa bado nakata nyuzi za ndani ya ile bere. Ilikuwa imeshakauka zamani. Bandari si mbali na duka langu, nilikuwa nabeba magunia njia hiyo hiyo mara thelathini kwa siku. Sikwenda. Nilikuwa namalizia ukanda wa ngozi.

Baada ya siku kumi na moja bato ilirudi na majeruhi. Aliyeniletea habari alikuwa mwenzake wa karibu, kijana wa Kongolo, mkono umefungwa, kaske mpya kichwani. Alinikuta dukani. Hakukaa.

"Papa fundi, twende hospitali. Anapumua."

Njiani alinieleza. Walikuwa kwenye mteremko wa mawe, mbele kidogo ya kijiji kimoja cha wavuvi. Bomu lilianguka mbali nao, mbali kabisa, wengine walikuwa wanacheka kwamba adui hajui kulenga. Kisha mawe yakaja kama mvua. Yule kijana akavua kaske akanionyesha: juu ya sikio kulikuwa na mchubuko, umepasua rangi, nyuzi za manjano zinaonekana. Zaidi ya hapo hakuna kitu. Akasema, "Tulimuuliza kaske yake iko wapi. Alisema yaya wake anaitumia kwa kazi. Tulimcheka."

Nilimwuliza, "Alisema nini mlipomcheka?"

"Alisema nyinyi hamna yaya kama wangu."

Hospitalini mwuguzi aliniletea kitu kwenye kisahani cha bati. Kipande cha chuma, kidogo kuliko punje ya mahindi. Kiliingia juu ya sikio la kushoto, upande ule ambao bere haiufuniki, kwa kuwa mimi huivutia kulia. Ingawa hata kama ingeufunika, sufu ni sufu. Mwuguzi, ambaye hakujua chochote, akasema, "Kitu kidogo namna hii, Papa. Hakikuwa hata na nguvu. Ubao tu ungekirudisha."

Walimtoa baada ya wiki tatu, kwa sababu vitanda vilihitajika. Tukamweka nyumbani kwangu, chumba cha mbele, penye hewa ya ziwa. Mkono na mguu wa kulia havikumtii. Na maneno yalikuwa yameondoka. Alikuwa anasikia, anaelewa nusu, au robo, sijui; macho yake yalikuwa yanamfuata anayesema. Lakini mdomoni lilikuwa limebaki neno moja, "ndiyo". Ukimuuliza ana njaa, ndiyo. Ukimuuliza ameshiba, ndiyo. Mama alikuwa anamlisha bukari, ugali wetu, kwa kidole kama alivyomlisha zamani, na kila tonge anamuuliza, "Tamu?" ili ajibiwe.

Mimi nilikuwa sijamwambia mama kitu. Kaske nilikuwa nimeifunga ndani ya gunia la vipande vya nguo, chini ya meza ya kukatia.

Siku moja mchana akaja karani wa stoo ya kambi, mtu mwembamba mwenye daftari kwapani. Hakuwa mtu mbaya. Alivua kofia, akamsalimia mama kwa adabu, akakataa kiti kwanza, kisha akakaa.

"Papa fundi, samahani kwa ugonjwa. Mimi sina neno na mgonjwa. Ni daftari. Bunduki imerudi. Mukanda umerudi. Kaske haijarudi."

Mama alikuwa anachambua mchele kwenye ungo karibu na mkeka wa mdogo wangu. Mikono yake ikasimama.

Siku zile, raia akikutwa na kitu cha jeshi, walikuwa wanamfunga na duka wanalifagia mpaka misumari. Nilijua watu waliopoteza kila kitu kwa koti moja tu. Nikaona cherehani zangu zinabebwa. Nikaona pia uso wa mama. Sijui kipi kilikuwa mbele.

"Alikwenda nayo," nikasema.

"Wenzake wanasema alikwenda na bere."

"Basi mimi sijui. Dukani kwangu haipo."

Karani akavuta pumzi, akamgeukia mdogo wangu pale mkekani. "Kijana, unanisikia? Kaske uliipoteza?"

"Ndiyo."

"Au uliiuza?"

Mdogo wangu hakumtazama karani. Alinitazama mimi. Alinitazama muda mrefu, na macho yale hayakuwa ya mtu asiyeelewa. Au labda yalikuwa. Miaka yote hii nimeyageuza macho yale kila upande, kama ninavyogeuza ukosi, sijapata upande wake mzuri.

"Ndiyo," akasema.

Karani akaandika. Akaandika taratibu, akapuliza wino. Akaeleza kwamba mtu aliyeuza mali ya jeshi jina lake linaondolewa, kwamba akifa hatazikwa kama askari na mama yake asitazamie kitu, na kwamba akipona atatakiwa kambini kujibu. Akaomba samahani tena, akaaga.

Alipotoka, mama aliusogeza ungo pembeni. Akainama karibu na uso wa mwanawe. Nilifikiri atapiga kelele. Ingekuwa afadhali.

"Mwanangu, uliuza kitu cha kukuchunga kichwa?"

"Ndiyo."

"Kwa pombe?"

"Ndiyo."

"Kwa nini hukusema kama ulikuwa na haja? Yaya wako angekupa. Lini yaya wako alikunyima?"

Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka pale. Nikasema nina mteja, nikatoka.

Tangu siku ile mama alimlisha vilevile, akamwosha vilevile, ila aliacha kumuuliza "tamu?" Wanawake wa jirani wakija kumjulia hali, alikuwa anasema, "Ni kichwa chake mwenyewe alichokiuza." Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayetaja ugonjwa. Na mdogo wangu alikuwa analala pale anasikia. Mimi nilikuwa najiambia: atakapopata nguvu kidogo nitasema. Mama atakapokuwa ametulia nitasema. Kazi ya komanda itakapolipwa nitasema. Yule mkubwa wa kukagua kambi hakuja kamwe, na bere ile ya mwisho komanda hakutuma mtu kuichukua.

Mdogo wangu alifariki mwanzoni mwa mvua kubwa, asubuhi, mama akiwa ameenda kuchota maji. Nilikuwa naye mimi. Nilimwambia neno ambalo nilipaswa kuwaambia wengine. Nilimwambia, "Kaske iko kwangu, nitasema kwa mama, nitasema kambini, unasikia?" Akasema ndiyo. Lakini alikuwa anasema ndiyo kwa kila kitu, hata kwa jogoo.

Tulimzika kiraia. Hakuna askari aliyekuja isipokuwa yule kijana wa Kongolo, ambaye alisimama mbali, na hakusalimiana nami.

Siku ya tatu baada ya mazishi niliichukua kaske, nikaifunga ndani ya kitambaa, nikaenda kambini. Niandike na hili, kwa kuwa mengine yote nimeyaandika: nilikuwa naogopa, lakini nilikwenda. Nilitaka lile neno lifutwe kwenye daftari. Nikakuta geti wazi. Vita vilikuwa vimekaribia, na wanajeshi walikuwa wanakimbia mji. Milango imeng'olewa, wake zao wanafunga masufuria, mbuzi wamefungwa juu ya lori. Sajini mnene alipita mbele yangu amevaa shati la kiraia, kichwa wazi. Hakuniona, au hakutaka. Karani nilimkuta anavuta godoro kuelekea kwenye lori.

"Papa karani, nimeleta kaske. Ilikuwa kwangu. Hakuiuza. Naomba ufute."

Akanitazama kama mtu aliyeamshwa.

"Nifute wapi?"

"Kwenye daftari."

"Madaftari tulichoma jana, Papa. Hakuna daftari, hakuna kambi. Nishikie huku, godoro lisiguse matope."

Nikamshikia godoro. Tukalipandisha. Akanishukuru.

Nikarudi nyumbani. Mama alikuwa uani, amekaa kwenye kigoda, nywele zimenyolewa za msiba. Nikapiga magoti, jambo ambalo sijawahi kumfanyia mtu tangu nijitegemee, nikafungua kitambaa. Nikamwambia yote: bere ya komanda, saa moja, lori, honi ya bato, gunia chini ya meza, karani. Sikujitetea. Kwa mara moja maishani mwangu nilisema bila kuongeza chumvi.

Nilipomaliza aliichukua ile kaske, akaingiza mkono ndani, akabonyeza vile vipande laini kimoja kimoja, polepole.

"Ni nyepesi hivi?" akauliza.

"Ni nyepesi, Mama."

Akaiweka chini. Akanyanyuka, akachukua kanga, akajifunga kichwa.

"Nipeleke kwake."

Mvua ilikuwa imekatika. Tulipita kwenye matope, mimi mbele, yeye nyuma. Mjini watu walikuwa wanafunga milango, wengine wanakimbilia ziwani na vifurushi; mama aliwapita kama hawaoni. Tulipofika makaburini alikaa chini pale pale kwenye udongo mbichi, akanyoosha miguu kama mtu aliyekuja kuongea kirefu.

"Baba," alimwita, ndivyo alivyomwita alipokuwa mtoto, "mimi ni mama yako. Nilikusingizia. Nilikula na wewe sahani moja huku nakuita mwizi ndani ya moyo. Nilikusema kwa majirani. Nitawarudia mmoja mmoja, nyumba kwa nyumba, niwaambie hukuuza kitu. Unisamehe."

Mimi nilikuwa nimesimama upande wa miguu. Nikavua kofia, nikafungua mdomo ili na mimi nimwombe.

Mama akainua mkono bila kunigeukia.

"Wewe nyamaza," akasema. "Ulikuwa na siku zako za kusema."

Akaendelea kuongea naye. Nikanyamaza.